Kwa Baisikeli Katika Njia Iliyokuwa ya Reli

Upande wa mashariki wa nchi ya Ufaransa, katika eneo la Bourgogne, kati ya mji wa Chalon-sur-Saône na mji wa Mâcon, kuna njia yenye urefu wa kilomita 70 hivi ambayo motokaa na lori haziruhusiwi kuipita. Waipitao ni waendao kwa miguu, watoto wenye viatu vya magurudumu, watu wasiojiweza miguu katika viti vyao, na zaidi ya wote, watu wa baisikeli. Huko huitwa Voie Verte, maana yake Njia ya Kijani. Msafiri halipi ushuru wowote, wala hana haja ya kugeuza shingo kila mara kutazama kama kuna gari linalomjia kwa nyuma. Husikia ndege, na mnyororo wa baisikeli yake, na kengele ya mwenzake anayetaka kumpita.

Njia hii haikuchimbwa kwa ajili ya baisikeli. Ilikuwa njia ya reli, iliyojengwa katika karne ya 19, wakati Wafaransa walipotaka kila mji mdogo uwe na stesheni yake. Kwa miaka mingi gari la moshi lilichukua divai, mawe, ng'ombe na watoto wa shule kutoka kijiji hadi kijiji. Kisha zikaja lori na motokaa, abiria wakapungua, mizigo ikapungua, na mwisho reli ikanyamaza kama zilivyonyamaza reli nyingine nyingi ndogo za nchi hiyo.

Basi ikawa njia tupu, yenye madaraja na stesheni zisizo na wasafiri. Ingalikuwa rahisi kuikata vipande na kumwuzia kila jirani kipande kilichopakana na shamba lake. Kama ingalifanywa hivyo, hakuna mtu ambaye angaliweza kuiunganisha tena. Badala yake wakuu wa wilaya ya Saône-et-Loire waliiweka nzima, wakaing'oa reli na kutandaza lami, na mwaka wa 1997 wakaifungua sehemu ya kwanza, kilomita 44 kutoka Givry mpaka Cluny. Ilikuwa mojawapo ya njia za kwanza za namna hiyo katika Ufaransa, na miji mingi imeiga tangu hapo.

Faida yake kubwa kwa mtu wa baisikeli ni hii. Gari la moshi la zamani halikuwa na nguvu ya kupanda mlima mkali. Kwa hiyo mafundi walioijenga reli walifuata mabonde, wakayakata matuta, wakayajaza mashimo, na palipokuwa na mlima usiozungukika wakautoboa. Kazi hiyo ya jasho, iliyofanywa kwa ajili ya injini ya mvuke, leo inamfaa bibi wa miaka 70 na mtoto wa miaka minane, ambao hupita katika nchi ya vilima bila kushuka na kuisukuma baisikeli.

CHALON, MJI WA MTU WA PICHA

Safari inaanza Chalon, mji wa bandari katika kingo za mto Saône. Hapa alizaliwa Nicéphore Niépce, mwaka wa 1765. Jina lake lajulikana kwa jambo moja kubwa: mnamo mwaka wa 1827, katika kijiji cha Saint-Loup-de-Varennes kilicho karibu na mji huo, aliweka chombo chake dirishani na kupata picha ya mapaa ya nyumba yake. Hiyo ndiyo picha ya kamera iliyo ya zamani kuliko zote zilizobaki duniani.

Lakini wachache wanajua kuwa Niépce alipenda pia magurudumu mawili. Mwaka wa 1817 Mjerumani mmoja, Karl von Drais, alikuwa ametengeneza chombo cha mti chenye magurudumu mawili, kisicho na kanyagio wala mnyororo. Mpandaji alikaa juu yake na kujisukuma kwa kukanyaga ardhi, kulia na kushoto. Habari zilipomfikia Niépce, alijitengenezea chake mwaka wa 1818, akakiongezea kiti kiwezacho kupandishwa na kushushwa kwa kadiri ya urefu wa mpandaji. Watu wa vijiji walitoka majumbani kumshangaa akipita. Chombo hicho chaonekana mpaka leo katika jumba la makumbusho la Chalon lenye jina lake. Kila mtu anayelegeza nati ya kiti cha baisikeli yake ili kumfaa mwanawe, anafanya jambo ambalo Niépce alilifikiri kabla kanyagio hazijabuniwa.

NCHI YA MIZABIBU NA NG'OMBE WEUPE

Kutoka Chalon njia yaelekea Givry, na kutoka hapo yashika kusini, ikiandamana na mteremko wa vilima vinavyotazama mawio ya jua. Mteremko huo wote ni mashamba ya mizabibu. Miti yake ni mifupi, imepandwa kwa mistari iliyonyoka na kufungwa kwenye nyaya. Wakati wa baridi wakulima hupita mti kwa mti wakikata matawi, kwa maana mzabibu usiopogolewa huzaa majani mengi na zabibu hafifu. Mavuno huwa mnamo Septemba, na wakati huo harufu ya zabibu zinazokamuliwa hufika mpaka njiani.

Katika mji mdogo wa Buxy, wenye minara ya zamani, pana jambo ambalo mkulima ye yote wa kahawa au maziwa atalielewa mara moja. Mkulima mwenye ekari chache za mizabibu hawezi peke yake kununua mitambo ya kukamulia, wala mapipa ya kutosha, wala kumbishia bei mnunuzi mkubwa wa mjini. Ndiyo sababu mwaka wa 1931, katika siku za shida ya biashara duniani, wakulima wa Buxy waliungana wakaunda chama chao cha ushirika. Kila mmoja huleta zabibu zake, chama hukamua, huhifadhi na kuuza. Chama hicho kingali hai, na msafiri wa baisikeli aweza kusimama na kuionja kazi yake, ingawa mwenye busara hunywa kidogo kama bado ana kilomita nyingi mbele yake.

Baada ya Buxy mizabibu inapungua na malisho yanaanza. Hapa msafiri huwaona ng'ombe weupe wa Charolais, ambao asili yao ni vilima vya upande wa magharibi wa njia hii. Ni ng'ombe wa nyama, wenye mwili mpana na rangi ya maziwa, na wafugaji wa nchi nyingi wamewanunua ili kuwachanganya na ng'ombe wao. Malisho yamegawanywa kwa ua wa miti midogo inayopunguzwa kila mwaka. Ua huo hauozi kama nguzo, huwapa ng'ombe kivuli, na ndege hujenga humo.

Katika kila kijiji, karibu na kanisa au nyumba ya baraza, pana mnara mdogo wa mawe wenye majina. Ni majina ya vijana waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918. Katika kijiji chenye nyumba arobaini mtu aweza kuhesabu majina ishirini, na jina la ukoo mmoja likarudiwa mara tatu. Msafiri aliyepita vijiji vitano ameifahamu hasara ya vita hivyo kuliko aliyesoma hesabu yake katika kitabu.

Njia hupita Saint-Gengoux-le-National, mji wa vichochoro vyembamba. Zamani mwisho wa jina lake ulikuwa le-Royal, maana yake wa Mfalme. Wafaransa walipowakataa wafalme, neno hilo likafutwa na kuwekwa neno jingine lenye maana ya Taifa. Nyumba hazikubadilika, ila jina.

CORMATIN NA HASIRA YA WAKULIMA

Kutoka hapo njia yashuka katika bonde la mto Grosne na kufika Cormatin. Hapa pana jumba kubwa la kibwanyenye, lililozungukwa na handaki la maji, lililoanzwa kujengwa mwanzoni mwa karne ya 17. Ndani yake mna vyumba vilivyopambwa katika miaka ya 1620 kwa dhahabu na rangi ya samawati, tangu sakafu mpaka darini, ili mgeni akiingia afahamu kuwa mwenye nyumba ni mtu mkubwa.

Waliolipia dhahabu hiyo walikuwa wakulima. Mwishoni mwa Julai 1789, siku chache baada ya watu wa Paris kuiteka ngome ya Bastille, wakulima wa nchi hii waliinuka. Kwa miaka mingi walikuwa wametoa sehemu ya mavuno yao kwa mabwana wa ardhi na kwa watawa, na mwaka huo njaa ilikuwa kali. Walikwenda kwa makundi kutoka jumba hadi jumba, wakizitafuta hati za kodi ili wazichome, na mara nyingi wakalichoma jumba lenyewe. Walipofika Cormatin na Cluny walishindwa na watu wa miji wenye silaha. Wengi walikamatwa, na baadhi yao wakanyongwa.

Jumba la Cormatin likaponea chupuchupu, lakini baadaye likaanza kuharibika kwa kukosa matunzo. Mwaka wa 1980 marafiki watatu walilinunua likiwa katika hali mbaya, wakalitengeneza chumba baada ya chumba, na wakafungua milango yake kwa watu wote. Leo mjukuu wa mkulima aweza kulipa kiingilio na kutembea juu ya sakafu ambayo babu zake hawakuruhusiwa kuikanyaga.

MTU ALIYEFIKA TAIZÉ KWA BAISIKELI

Kilomita chache mbele, juu ya kilima, pana kijiji kidogo cha Taizé. Mwaka wa 1940, Wajerumani walipokuwa wameishinda Ufaransa na kuigawa sehemu mbili, kijana Mswisi wa miaka 25, jina lake Roger Schutz, alitoka Geneva kwa baisikeli. Alitafuta nyumba ya kuanzishia maisha ya sala na ya kuwasaidia watu waliokuwa wakiikimbia vita. Alikuta Taizé karibu tupu, na nyumba zake nyingi zimeachwa. Yasimuliwa kuwa mwanamke mzee wa hapo alimsihi abaki, kwa kuwa watu waliosalia walikuwa wapweke mno. Akabaki.

Mpaka wa sehemu mbili za nchi haukuwa mbali, na nyumba yake ikawa kimbilio la watu waliokuwa wakitafutwa, wakiwemo Wayahudi. Mwaka wa 1942 siri ilifichuka, naye akalazimika kukaa Uswisi mpaka 1944. Aliporudi alikuja na wenzake, na hivyo ikakua jumuiya ya ndugu, Waprotestanti na Wakatoliki pamoja, kutoka nchi nyingi. Kanisa lao kubwa lilifunguliwa mwaka wa 1962. Ndugu Roger aliuawa mwaka wa 2005, akiwa katika sala ya jioni, lakini kazi haikukoma. Kila mwaka maelfu ya vijana huja Taizé, wengine kwa treni na basi, wengine kwa baisikeli, wakalala katika mahema na kuimba nyimbo fupi za lugha mbalimbali. Jumuiya hiyo imekutanisha vijana katika Afrika pia: Nairobi mwaka wa 2008 na Kigali mwaka wa 2012.

KANISA LILILOUZWA KWA AJILI YA MAWE YAKE

Kutoka Taizé ni mwendo wa saa moja bila haraka mpaka Cluny, na hapo kila msafiri hushuka.

Mwaka wa 910 Mtawala wa Aquitaine, Guillaume, alitoa ardhi yake ya Cluny ili ijengwe nyumba ya watawa wa Mtakatifu Benedikto. Aliweka sharti kuwa asiwepo bwana wala askofu wa kuwatawala, ila wamtii Papa tu. Kwa uhuru huo nyumba ile ilikua upesi. Katika miaka mia mbili ikawa na nyumba zaidi ya elfu moja chini yake katika nchi za Ulaya, na wakuu wake wakawa washauri wa wafalme na wa mapapa.

Mwaka wa 1088 mkuu wa watawa, Abati Hugues, alianza kujenga kanisa jipya. Lilipomalizika urefu wake ulikuwa mita 187, karibu viwanja viwili vya mpira vilivyowekwa kichwa kwa kichwa, na dari yake ya mawe ilikuwa mita 30 juu ya sakafu. Kwa miaka zaidi ya 400 halikuwako kanisa kubwa kuliko hilo katika nchi za Wakristo, mpaka lilipojengwa upya kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma.

Cluny haikuwa mahali pa mawe tu. Abati Pierre, aliyeongoza tangu 1122 mpaka 1156, alisafiri mpaka Hispania na kuwalipa wanavyuoni wahamishe Kurani kutoka Kiarabu kwenda Kilatini. Kazi hiyo ilimalizika mwaka wa 1143, mikononi mwa Mwingereza Robert wa Ketton. Nia ya Abati ilikuwa kuupinga Uislamu kwa hoja, na tafsiri yenyewe ina makosa mengi. Hata hivyo ilikuwa mara ya kwanza kwa wasomi wa Ulaya ya magharibi kuwa na Kurani nzima katika lugha waliyoweza kuisoma, tena wakati ambapo wakuu wengi wa Ulaya walifikiri kuwa hoja iliyobaki ni upanga.

Nguvu ya Cluny ilipungua baadaye, na mapinduzi ya 1789 yakaimaliza. Mali ya watawa ilifanywa mali ya taifa, watawa wakaondoka, na mwaka wa 1798 kanisa likauzwa kwa wafanya biashara. Hao hawakulitaka kama kanisa. Walitaka mawe. Walipitisha barabara katikati yake, wakalivunja kidogo kidogo mpaka mwaka wa 1823, na kuyauza mawe kwa wajenzi. Zizi kubwa la farasi wa serikali, lililojengwa kwa amri ya Napoleon karibu na hapo, lilijengwa kwa mawe ya kanisa hilo, na kadhalika nyumba nyingi za mji.

Kilichobaki hakifikii sehemu moja ya kumi. Ni mkono mmoja wa kusini, na mnara wake wa pembe nane uitwao Mnara wa Maji ya Baraka. Msafiri akisimama chini ya mkono huo na kuinua macho, kofia humwanguka. Naye huambiwa kuwa hicho ni kipande tu. Pamebaki pia ghala la unga la watawa, lenye dari ya mbao mfano wa jahazi lililopinduliwa, ambamo zimewekwa nakshi za vichwa vya nguzo zilizookolewa. Tangu mwaka wa 1928 Mmarekani mmoja, Kenneth Conant, alikuja kuchimba misingi na kuipima. Kazi hiyo ilimchukua zaidi ya miaka 20, na kwa vipimo vyake watu wameweza kuchora upya sura ya kanisa ambalo hakuna aliye hai aliyeliona.

Si haki kuwacheka watu wa Cluny wa siku zile. Wakulima waliokuwa wamelipa kodi kwa watawa kizazi baada ya kizazi hawakuwa na sababu ya kuyalilia mawe hayo. Mtu mwenye njaa na watoto, akiona mawe yaliyochongwa tayari yanauzwa kwa bei nafuu, atayanunua na kujenga. Lakini deni la kodi lilikwisha, hasira ikaisha, na waliokasirika wakafa. Wajukuu wao ndio waliobaki wakimwonyesha mgeni mahali palipo wazi, wakimwambia: kanisa lilianzia hapa, likaishia kule ng'ambo ya barabara. Zizi la farasi kila mji waweza kujenga, na mawe ya zizi hayakosekani. Kanisa la Abati Hugues halitajengwa tena.

MLIMA ULIOTOBOLEWA

Kusini ya Cluny kuna kilima cha Bois Clair, na hapa mafundi wa reli walikosa pa kuzungukia. Walichimba tundu la mita 1,600 hivi katikati ya mlima, na leo watu wa baisikeli hupita humo. Ndani mna taa, lakini mwenye busara huchukua yake, pamoja na koti, kwa maana hata mnamo Julai, jua likiwaka nje, humo ndani mna baridi ya kutetemesha. Wakati wa majira ya baridi mlango hufungwa kwa ajili ya popo. Wanyama hao hulala humo miezi kadhaa bila kula, na wakishtuliwa mara kwa mara hupoteza nguvu walizoziweka na kufa. Miezi hiyo msafiri hana budi kupanda mlima kwa barabara ya juu, ili popo wapate usingizi wao. Wakulima hawana haja ya kulalamika, kwa kuwa popo mmoja hula wadudu wengi kila usiku wa kiangazi.

Karibu na hapo msafiri aweza kuiona reli nyingine, ile ya treni ya kasi kutoka Paris kwenda Lyon, iliyofunguliwa mwaka wa 1981. Treni hiyo hupita kwa zaidi ya kilomita 250 kwa saa, na kwa kuwa ina nguvu nyingi za umeme, haikuhitaji tundu. Yapanda kilima na kushuka ng'ambo. Abiria wake huipita nchi yote ya Cluny kwa dakika chache, naye wa baisikeli huitumia siku mbili.

Mbele kidogo, katika kijiji cha Berzé-la-Ville, pana kanisa dogo ambalo Abati Hugues alipumzikia alipochoka na kazi zake. Baada ya mapinduzi liliuzwa likatumiwa kama jengo la shamba, na kuta zake zilikuwa zimepakwa chokaa. Mwaka wa 1887 padre wa kijiji alibandua chokaa hiyo akaona rangi. Chini yake kulikuwa na picha za miaka 700 na zaidi, Kristo amekaa kitini na mitume wamemzunguka. Mwaka wa 1947 mwanahistoria Mwingereza, Bibi Joan Evans, alilinunua kanisa hilo kwa fedha zake na kulitoa kwa chama cha wataalamu wa Mâcon ili walitunze.

MSHAIRI ALIYETIA SAHIHI

Njia sasa yashuka kuelekea Mâcon. Upande wa kulia waonekana mwamba wa Solutré, wenye kimo cha mita 493 kutoka usawa wa bahari, uliochongoka kama omo ya jahazi. Chini yake yamekutwa mafupa ya maelfu ya farasi waliowindwa na watu wa kale sana. Zamani ilisimuliwa kuwa wawindaji waliwafukuza farasi mpaka wakaanguka kutoka juu. Wataalamu wamelikanusha hilo, kwa kuwa mafupa hayakulala mahali ambapo mnyama angeanguka. Yaelekea farasi walinaswa chini walipopita kufuata malisho.

Karibu na njia pana kijiji cha Milly, alikokulia Alphonse de Lamartine, mshairi aliyezaliwa Mâcon mwaka wa 1790. Mashairi yake husomwa katika shule zote za Ufaransa, lakini msomaji wa Afrika ya Mashariki ana sababu nyingine ya kulikumbuka jina lake. Mwaka wa 1776 nahodha Mfaransa, Morice, aliagana na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe katika mashamba ya visiwa ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Baada ya hapo watu wa bara la Afrika ya Mashariki waliendelea kuchukuliwa kwa miaka mingi. Mwaka wa 1848 Wafaransa walipomwondoa mfalme wao, Lamartine alikuwa mmoja wa wakuu wa serikali ya muda, na sahihi yake imo katika amri ya tarehe 27 Aprili ya mwaka huo iliyoukomesha utumwa katika makoloni yote ya Ufaransa. Amri ilitangazwa Réunion tarehe 20 Desemba, na watu wapatao 60,000 wakawa huru. Wengi wao walikuwa wana na wajukuu wa watu waliotoka pwani hii.

Lamartine mwenyewe alikufa mwaka wa 1869 akiwa na madeni, na nyumba ya Milly aliyoipenda ilikuwa imekwisha kuuzwa. Nyumba ingalipo, na watu hupita kuitazama.

KURUDI KWA TRENI

Mwisho wa safari ni Mâcon, kwenye daraja la mawe la mto Saône. Mwenye miguu ya kawaida huimaliza njia kwa siku mbili au tatu, akilala Cormatin au Cluny katika nyumba za wakulima wanaopangisha vyumba. Huhitaji mfuko mmoja wa nguo, pampu, mpira wa ndani wa akiba, na chupa ya maji. Fedha zake huziacha njiani kidogo kidogo: mkate hapa, jibini ya maziwa ya mbuzi pale, kitanda kwingine. Stesheni nyingine za zamani zimekuwa nyumba za watu, nyingine mahali pa chakula au pa kukodishia baisikeli. Fedha hizo si nyingi kwa mtu mmoja, lakini huingia katika vijiji ambavyo gari la moshi lilipokoma vilidhani vimesahauliwa.

Kurudi Chalon ni kwa treni ya kawaida, katika reli kubwa iliyo hai ya bonde la Saône. Msafiri hupakia baisikeli yake behewani na kukaa dirishani, na kwa muda usiofika saa moja amerudi alikoanzia. Upande wa magharibi aviona vilima alivyovipita, na nyuma yake kuna mnara mmoja uliosalia wa kanisa lililovunjwa, na njia ya reli ambayo kazi yake ya kwanza ilikwisha, lakini watu wakangoja mpaka ikapata ya pili.